Nani Amekutoa Nje?

Ipo siku moja hunirudia, mwanangu, hasa alasiri kama hizi, nikiwa nimejinyoosha kitandani, dirisha li wazi na upepo wachezea pazia. Huja bila kupiga hodi. Kwanza huja harufu, ya maua ya mikanju na moshi wa kuni mbichi. Kisha husikia njiwa, wale pugi, wakilia nyuma ya zizi letu kule Vitengeni. Kisha, kabla sijajua kama nimelala au niko macho, huiona sufuria jikoni kwa mama, maji yatokota, na ndani ya maji koleo langu jipya la kung'olea meno lagongagonga. Nami nimechuchumaa mbele yake, msichana mwenye kiuno chembamba, maana nilikuwa nacho, usicheke, nangoja lichemke sawasawa.

Jana ulikuja hapa na furaha zako, Mbeyu. Umepata chumba mtaa wa Kisumu Ndogo, kina dirisha na mfereji u karibu, na kiti umekinunua kwa kinyozi, kinaegama vizuri. Jumatatu waanza. Chuo umemaliza, mitihani umefaulu, umebakiza ule mwaka wa kufanya kazi chini ya mkono wa mkubwa wako, ndipo baraza liandike jina lako na likupe leseni. Hilo la kuandikwa ndilo lakuudhi. Ulisema watu wa kule wanakesha na maumivu, mkono wewe unao, sasa yanini kungoja karatasi? Nilikwambia chai yapoa. Nawe kwa kuwa wajua mimi si mtu wa kunyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali, mjukuu wangu. Akili yangu ilikuwa imeshakwenda zake Vitengeni, jikoni kwa mama.

Najua na methali utakayonipiga nayo: ngojangoja huumiza matumbo. Hiyo niliisema mimi kabla baba yako hajajua kutambaa. Basi keti, iweke hiyo simu chini, nikusimulie. Ukishasikia, na bado ukataka kufungua hicho chumba, fungua. Mimi sina tena miguu ya kukukimbilia.

Kwanza ujue tulikotoka. Nilipokuwa mdogo, jino lilikuwa halina mwenyewe. Likikuuma, ulitafuna mizizi, na mizizi ikishindwa ulingoja siku ya soko umwendee fundi wa meno. Alikuwa akikaa baina ya wauza tumbaku na washona viatu, ametandika gunia, na juu ya gunia ameyapanga meno ya watu, makubwa huku, madogo huku, hilo ndilo tangazo lake. Chombo chake kilikuwa koleo la kung'olea misumari. Wengi aliwaondolea shida, nisimsingizie. Wengine walivimba shingo wakabebwa kupelekwa hospitali, na wengine hawakufika. Wala hapakuwa na wa kumwuliza, kwani leo yuko Vitengeni, kesho yuko Ganze, kesho kutwa hujui.

Sheria ilikuwapo, lakini ilikuwa sheria ya mjini. Ilikaa na madaktari wa Kizungu na wa Kihindi huko Mombasa, ikayaandika majina yao kitabuni, na sisi wa bara tukabaki na gunia letu. Polepole ikateremka. Tukasikia kuna baraza, tukasikia kuna kusajiliwa, kuna leseni na leseni yenyewe hufa usipoihuisha. Chifu akasimama barazani akatangaza kwamba asiye na jina kitabuni asitie mkono kinywani mwa mtu. Wazee waliguna. Waliona ni ukorofi wa serikali tu, ndugu yake leseni ya baiskeli. Na mimi, mwanangu, nilikuwa upande wa wazee.

Nilikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza wa pande zetu kupelekwa Nairobi kusomea meno. Nilirudi nyumbani kama ulivyo wewe sasa: nimemaliza, nimefaulu, nangoja kupangiwa hospitali ya kujifunza kazi chini ya mkubwa, na kichwa kimejaa upepo. Mwalimu wangu alikuwa amenizawadia koleo lile, limeng'aa hata wajiona usoni. Nilitembea nalo. Nilikwenda nalo hata kisimani, nadhani nikitumaini kukutana na mtu anaumwa jino njiani.

Mjini kwetu, nasema mji kwa maana ya boma letu, alikuwapo baba yangu, mzee Baya. Kaka yangu Kazungu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, kupita Ngomeni, huja nyumbani mwezi ukiandama. Mkewe, Kadzo, alikuwa pale na mtoto wao wa kwanza, wa kiume, bado hajaanza kukaa. Na alikuwapo hawe Jumwa, mamake baba, ambaye wengine mngemwita nyanya au bibi. Hawe alikuwa mganga. Mwembamba, mweusi wa kupendeza, akitembea husikii hatua zake, wasikia njuga tu.

Asubuhi moja Kadzo alikuwa akinyonyesha uani, mara akaguta. Mtoto amemwuma. Akamfungua kinywa kwa kidole, akatazama, kisha nikamwona amemfunika mtoto kichwa na kanga kana kwamba jua limekuwa kali ghafla. Lakini baba alikuwa ameshaona. Meno mawili, meupe kama chembe za mchele, yametoka juu. Ufizi wa chini mtupu.

Nyinyi wa siku hizi neno hili hamlijui, au mwalisikia mkadhani ni tusi. Mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kijego, na kijego alikuwa mkosi. Ataua jamaa zake, mvua itakataa, ng'ombe watatupa mimba. Zamani za zamani, hata kusema ni vibaya, alitupwa. Siku zangu hakutupwa tena. Alirudishwa kwa wajombake pamoja na mamake, na jina lake lisitajwe tena mjini. Kadzo alilijua hilo tangu kuzaliwa kwake. Alikaa na mtoto kifuani, hakulia, alikuwa akimnusa nywele tu.

Baba yangu hakuwa mtu mbaya, nakuomba ulishike hilo. Alimpenda mjukuu yule kuliko alivyotupenda sisi, na sisi alitupenda. Alikuwa mtu mwenye hofu, basi. Akaniita pembeni, akanong'ona, akasema wewe si umesomea haya mambo, yang'oe upesi kabla watu hawajayaona, yakiota tena huenda yakaanza ya chini, na hakuna atakayejua. Nikamwambia baba, ruhusa yangu bado. Akasema basi, siku ya soko i karibu, atamwita yule fundi wa gunia.

Kadzo naye akanijia akapiga magoti. Wifi, akasema, heri wewe kuliko yule, heri yatoke nibaki na mume wangu. Hebu niambie, Mbeyu, wewe ungefanyaje? Huku koleo langu safi, mkono uliosomeshwa, na mapenzi ya shangazi. Kule koleo la misumari. Na katikati mtoto, akikosa hili apata lile, au akose yote mawili afukuzwe kwao. Nilifanya kama ambavyo ungefanya. Niliteka maji, nikakoka moto.

Hapo ndipo siku yangu huanza, ile inirudiayo. Jikoni ni giza la mchana, lile giza la moshi lenye miali ya jua inayopenya kwenye makuti. Vumbi laelea ndani ya miali. Mtoto alala mikononi mwa Kadzo, namsikia akikoroma kidogo kama paka. Maji yatokota, koleo lagonga. Najihisi mwepesi, nasikia raha ya ajabu, kwa maana nahitajika. Kisha nasikia njuga, na miguu ya hawe yasimama mbele yangu.

Hakunisalimu. Aliipua ile sufuria kwa pindo la nguo yake, akamwaga maji yote mlangoni, koleo likaanguka mchangani likitoa mvuke. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Nani amekutoa nje?"

Nami mtoto wa bweni, niliyekwenda shule za mbali nikarudi na Kigiriama cha kubahatisha, nikadhani anauliza nani kanifungulia mlango. Nikamjibu, "Nimetoka mwenyewe, hawe. Mlango ulikuwa wazi."

Nilidhani atanizaba kofi, kumbe alikuwa akijizuia kucheka. Akaketi kwenye kigoda, akanivuta nikae chini, akanieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu utotoni, maana ngoma zake nilikuwa nikizisikia nikiwa mgongoni kwa mama.

Kwetu twasema kulavya nze, yaani kumtoa mtu nje. Anayetaka uganga hukaa chini ya mganga wake, akichimba mizizi asiyoruhusiwa kuigawa, akibeba mkoba usio wake, akitazama. Hata akijua dawa zote, kujua kwake hakuhesabiwi. Mpaka ifike siku atolewe nje mbele ya watu. Siku hiyo kitu hufichwa mahali, naye hukitafuta huku ngoma zikilia na mji mzima ukimtazama, na maadui zake wakiwamo. Akikiona, mwalimu wake husema mbele ya wote kwamba huyu ni wangu, nimemtoa mimi, akikosea njooni kwangu. Asipokiona, hurudi ndani akaendelea kuchimba mizizi, na wala si aibu.

Nilimwambia, hawe, mimi nimefanya mitihani, na mkono ninao. Akaokota koleo langu mchangani, akaligeuza huku na huku.

"Mkono unao, nimeuona," akasema. "Hata mwizi ana mkono. Nakuuliza mtoto huyu akiharibika, Kadzo aje alie kwa nani? Alie kwa koleo?"

Nikajitia ukali. Nikamwambia basi wewe mganga mkubwa, mtu asiyeweza kubishwa hapa mjini, mwambie mwanao kwamba meno ya juu si kitu, yaishe. Mwanangu, ukali wa kijana ni kama moto wa makuti, wamulika sana na hauivishi kitu. Hawe hakukasirika. Alisema yeye alitolewa nje kwa mambo ya uzazi na homa za watoto. Kwa meno hakutolewa. Akisema la meno atakuwa anasema kwa kinywa cha nani? Akalifunga koleo langu ndani ya kitambaa, akalipachika kiunoni, akasimama. Akasema mji huu utakwenda kwa mtu aliyetolewa nje kwa meno, na atakalosema huyo ndilo.

Nilinuna njia nzima hadi Malindi, nikakubali kumbeba mtoto kwa zamu kwa sababu tu yeye hakuwa na kosa. Baba alikubali kwenda kwa kuwa mamake akishasema amesema, lakini alitia sharti lake. Mtu huyo akisema meno yang'olewe, yang'olewe papo hapo. Na akishindwa kueleza yeye ni nani hata asikizwe, basi baba atarudi kwa fundi wake wa gunia, wala asiulizwe tena.

Katika hospitali ya serikali chumba cha meno kilikuwa mwisho wa ukumbi, upande wa baharini, na ukutani palitundikwa karatasi ndani ya kioo, pembe zake zimekuwa rangi ya chai kwa hewa ya chumvi. Daktari alikuwa mtu wa Malindi mjini, mzee wa makamo, Daktari Athmani. Alikuwa na kile Kiswahili chao cha kujaa kinywa, akisema karibuni amfanya mtu ajione mgeni wa harusi. Alimwamkia hawe shikamoo, hawe akaitikia marahaba, kisha bila kuzunguka akamwuliza lile lile alilonipiga nalo jikoni.

"Mwanangu, nani alikutoa nje?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini daktari alivua miwani yake akaiweka mezani, nikaona amelielewa mara moja. Akasema babu yake alikuwa kinyozi huko mjini. Alinyoa, akaumika damu kwa chuku, akatahiri, akang'oa na meno, yote kwa wembe mmoja na bismillahi moja, na hakuna aliyemwuliza kafunzwa na nani. Waliopona walimsifu, na waliokufa watu walisema ni ajali imefika. Katika waliokufa alikuwamo nduguye baba yake, mtoto mdogo, aling'olewa jino na kinyozi mwenyewe, babake mzazi. Tangu siku ile mzee hakushika tena kinywa cha mtu. Na sheria ya kusajiliwa ilipofika, wenzake walipolalamika kwamba wananyang'anywa riziki, yeye alikaa kibarazani akasema imechelewa.

Akaendelea, kwa upole, kama mtu anayehadithia ndoto. Akasema mjini kwao mtu hasomeshi dini mpaka shekhe wake ampe ijaza, ampe ruhusa mbele ya watu, aseme nimemsomesha mimi, nami nilisomeshwa na fulani. Hili la meno ni ijaza vilevile. Alisoma, akakaa chini ya mikono ya waliomtangulia, wakamwuliza na kumtazama, kisha jina lake likaandikwa kitabuni ambamo mtu yeyote aweza kwenda akalitafuta. Ile karatasi ukutani yasema hivyo tu. Na ruhusa yenyewe huombwa tena na tena, haachiwi mtu akalala nayo.

Baba, aliyekuwa amekaa na fimbo yake kati ya magoti, akanena kwa mara ya kwanza.

"Na ukiua?"

"Watalifuta jina langu, mzee, na watu wajue limefutwa. Hakuna mji nitakaokwenda nikafanya kazi hii tena," akasema daktari. "Ndiyo maana naogopa. Na mtoto wako mtafutie daktari anayeogopa."

Baba alimtazama hawe. Hawe akasema kwetu pia mganga akiua huvuliwa mkoba. Nikaona bega la baba limeshuka, akamtolea ishara Kadzo ampeleke mtoto.

Daktari alinawa mikono, hata nikaona anakawia makusudi. Akamfungua mtoto kinywa, akayagusa yale meno kwa ncha ya kidole. Akasema ni meno mazima, ya haki yake, wako watoto huanza juu na hawana neno lolote. Nikajisemea hayo hata mimi nayajua, kumbe tumetembea kote huku kusikia ninayoyajua. Lakini yeye hakumaliza. Alikuwa ameinua nguo ya mtoto, anatazama paja. Palikuwa na alama za rangi ya kijani na zambarau, mahali ambapo vidole vyetu vilimshika njiani. Vidole vyangu vilikuwamo. Nilikuwa nimeziona alama kama zile siku za nyuma, nikadhani ni rangi ya kanga mpya imechuja.

Daktari akamwuliza Kadzo, "Mama, kitovu cha huyu kilipoanguka, damu ilikauka?"

Kadzo akalia, mwanangu, kilio alichokuwa amekizuia siku zote zile. Haikukauka. Ilitoka, ikatulia, ikatoka tena, akawa akizifua nguo za mtoto peke yake kisimani na kuzianika kichakani, kwa kuogopa watu watasema ni mkosi. Na meno yalipotoka juu akajua hakika ni mkosi, ndipo akaniomba nimwokoe.

Mimi majina ya kila jino nilikuwa nayo kichwani, na kila mshipa unapopita. La kitovu halikunijia hata mara moja. Halikuwa katika mitihani yangu. Lilikuwa katika ule mwaka nilioudharau, wa kukaa nyuma ya mtu anayeogopa ukimtazama anavyouliza. Nilisimama pale nikaiona sufuria, nikaona maji yakitokota, nikajua ningemuua. Ningemuua jikoni kwa mama, kwa mapenzi, kwa mkono msafi. Nikaketi sakafuni, na hakuna aliyenitazama.

Daktari alimrudishia Kadzo mtoto polepole, akasema chuma kisimguse mtoto huyu, kwa kuwa damu yake haijui kusimama upesi, na atawaandikia wakapimwe Mombasa. Nje upepo ukavuma kwenye mivinje. Hawe Jumwa akageuka akamwambia baba, taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi:

"Amekiona kilichofichwa."

Baba alivua kofia, akajifunika nayo uso. Sijapata kumwona akilia kabla ya hapo wala baada.

Huko Mombasa walithibitisha, na Mungu alijalia maradhi yenyewe hayakuwa ya ule ukali wa mwisho. Tuliporudi Vitengeni, baba hakunong'ona tena. Alikusanya majirani mchana kweupe, akamwinua mtoto juu, akamfungua kinywa watu wote waone. Akasema ndiyo, ni kijego, na mganga wa meno aliyetolewa nje amemtazama akasema meno yake hayana neno. Mwenye neno aende Malindi akamwulize, jina lake liko kitabuni. Hakwenda mtu. Tangu siku hiyo baba ndiye aliyekuwa akimwita mjukuu wake Kijego, kwa kumdekeza, mpaka mkosi wenyewe ukachoka kusikia jina lake ukaenda zake.

Jina la kitabuni la mtoto yule ni Karisa. Alikua, akakatazwa kupanda minazi, akakatazwa panga na mpira, basi akakaa na vitabu mpaka akawa mwalimu. Wenzake shuleni walilikata jina wakamwita Jego. Naam, Mbeyu. Wewe miaka yote umedhani baba yako aitwa Jego kwa sababu ya magego yake makubwa akicheka, naye hupenda kukuacha na dhana hiyo. Ndiye yule. Na wewe uliketi mahali fulani ndani ya sufuria ile, pamoja na ndugu zako, siku hawe alipoimwaga.

Mimi nilikwenda nikakaa mwaka wangu chini ya Daktari Athmani. Nilichimba mizizi, kama ningesema kwa lugha ya hawe. Baraza nalo si malaika, nisikudanganye. Lilinichelewesha, likaniuliza cheti nilichokwisha peleka, nikalaani, nikangoja. Jina langu lilipoandikwa nilipanda nyumbani nikamwambia hawe nipe koleo langu. Akasema hajui liko wapi. Akawaita watu wote mjini, baba, mama, Kazungu aliyekuwa amekuja likizo, Kadzo na Jego mgongoni, akapiga kayamba yeye mwenyewe na ule uzee wake, akaniambia tafuta.

Nilizunguka uani kama mwendawazimu, watoto wakicheka, njuga zikilia. Nilichungulia ghalani, kinuni, chini ya matenga ya kuku. Kisha nikasimama, nikajiuliza hawe angeweka wapi kitu kinachongoja. Nikaingia jikoni, nikapanda juu ya uchaga ambapo mahindi ya mbegu, sisi twaziita mbeyu, huhifadhiwa moshini mpaka mvua ije. Lilikuwa mle, katikati ya mbegu, limefungwa kwenye kitambaa kile kile. Niliposhuka nalo hawe alinishika mkono akauinua. Akasema, "Huyu ametoka." Ndipo nikaelewa maana ya karatasi ile ya ukutani, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama.

Basi sikiza nasaha yangu, nayo si ndefu. Leseni haikufundishi kung'oa jino. Leseni ni watu waliosimama nyuma yako wakasema tumemtazama, akikosea njooni kwetu. Ukifanya kazi bila hiyo, yule mgonjwa wa Kisumu Ndogo hana wa kumlilia, na maskini hasa ndiye asiyepaswa kukosa wa kumlilia. Jino la pembe si dawa ya pengo, na mganga asiyetolewa nje ni jino la pembe. Laonekana kama jino mpaka siku ya kuuma.

Wala sikwambii ukae bure. Chumba umekwisha kipata, kifungue Jumatatu. Wafunze watoto kupiga mswaki. Mwenye maumivu mshike mkono umpeleke hospitali, ukae naye kwenye foleni, umsemee asipojua kusema. Hilo halina leseni, ni la utu tu. Kiti cha kinyozi niletee mimi, mgongo waniuma, nikiegamie alasiri. Na mwaka wako kaukae, ukamtafute mkubwa anayeogopa, ujifunze maswali yake. Ukiuona unakawia, mkumbuke kijego.

Haya, lete kichwa chako hapa. Mungu aliyeyaficha mengi ndani ya miili ya watu akupe macho ya kuyaona. Mkono wako uwe mwepesi na moyo wako uwe mzito. Jina lako liandikwe, lisifutwe, na wazee wote walionitangulia, na hawe Jumwa akiwa mbele yao, wakuitikie unapopita.

Lile koleo ulilokuwa ukiliona kabatini kwangu leo asubuhi nimelitoa. Nimelificha, na usiniulize. Siku jina lako litakapoandikwa, njoo na watu, njoo na baba yako, ulitafute. Na kama siku hiyo utanikuta nimelala, usiniamshe, wewe tafuta tu. Jina lako lenyewe litakuonyesha lilipo.